Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20, kuanzia 1946 hadi 1966. Anajulikana hasa kwa kutambua aina ya saratani ya watoto inayovimbisha mifupa ya taya, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt. Baadaye alijulikana pia kwa kueleza umuhimu wa nyuzinyuzi katika chakula.

Ugonjwa alioueleza haukuwa mpya. Watoto wenye taya zilizovimba walikuwa wakiletwa katika hospitali za Afrika ya Mashariki kwa miongo kadhaa kabla yake, nao walikuwa wakifa. Kila daktari aliona mtoto mmoja mmoja na kuuita uvimbe kwa jina alilolijua. Burkitt ndiye aliyekusanya picha, kumbukumbu za hospitali na ramani, akaonyesha kwamba wote hao walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Maisha ya awali

Burkitt alizaliwa karibu na mji wa Enniskillen, wilaya ya Fermanagh, katika eneo ambalo sasa ni Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya. Wakati wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege: aliwavisha pete ndogo miguuni ndege wa bustanini kwake na kuchora ramani ya eneo la kila mmoja. Mwanawe aliukuta mtindo huo wa kuuliza kitu kinapatikana wapi na hakipatikani wapi tangu utotoni.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa na jiwe usoni. Miwani yake ilivunjika na akapoteza jicho la kulia. Aliishi maisha yake yote akiwa na jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi. Mwaka uliofuata alibadili masomo na kuchukua udaktari, kwa sababu ya imani yake ya Kikristo iliyomfanya aone kwamba huo ndio wito wake. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 alipokelewa katika Chuo cha Wapasuaji cha Edinburgh. Alipoomba kazi katika huduma ya tiba ya makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimfungulia mlango: mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, na alitumwa Kenya, Somalia na Ceylon (sasa Sri Lanka). Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, wakapata mabinti watatu.

Lira na ramani ya mabusha

Baada ya vita huduma ya makoloni ilimkubali. Mwaka 1946 alipangiwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko alikuwa daktari wa kila kitu: alizalisha, alipasua, alitibu malaria na mifupa iliyovunjika.

Aliona kwamba wanaume wengi waliokuja kupasuliwa mabusha walitoka upande mmoja wa wilaya. Badala ya kuendelea kupasua tu, alianza kuandika kila mgonjwa anatoka wapi, akaenda vijijini kupima wanaume. Mabusha yalikuwa mengi sana mashariki mwa Lango na machache magharibi. Tofauti hiyo ililingana na kuenea kwa minyoo ya filaria, ambayo huambukizwa na mbu na huleta pia matende. Matokeo yalichapishwa mwaka 1951. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini ulimfundisha njia aliyoitumia baadaye kwa jambo kubwa zaidi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, ambako alifundisha upasuaji pamoja na kutibu. Hapo alishughulikia pia watu waliolemaa na utengenezaji wa viungo bandia vya bei nafuu.

Watoto wenye taya zilizovimba

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka 5 hivi. Mtoto alikuwa amevimba pande zote mbili za taya la juu na pande zote mbili za taya la chini. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakuweza kulieleza jambo hilo. Maambukizi ya mfupa kwa kawaida hayashambulii sehemu nne kwa pamoja, na saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Alimpiga picha mtoto huyo na kuandika maelezo yake.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipotazama nje aliona mtoto wa kike akiwa na mama yake, na uso wake ulikuwa umevimba vilevile, sehemu nne. Alipompima alikuta pia uvimbe tumboni. Burkitt aliona kwamba tukio moja linaweza kuwa la ajabu tu, lakini matukio mawili ya namna moja yanahitaji maelezo.

Alirudi Mulago na kuanza kupekua majalada ya watoto waliotibiwa kwa saratani na ripoti za uchunguzi wa maiti. Alikuta kwamba watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini, tezi za juu ya figo au ovari. Hadi wakati huo aina hizo zilikuwa zimeandikwa kama magonjwa mbalimbali, kutegemea kiungo kilichochunguzwa. Katika kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, kulikuwa pia na ushahidi wa watoto wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala kuhusu watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Yeye mwenyewe aliuita ugonjwa huo sarkoma, yaani saratani ya tishu kama mfupa na misuli. Makala hiyo haikuvuta watu wengi. Ni wanapatholojia wa Kampala, hasa J.N.P. Davies na Gregory O'Conor, na baadaye Dennis Wright, waliotazama vipande kwa darubini na kuonyesha kwamba ulikuwa limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. O'Conor na Davies walionyesha pia kwamba limfoma ilikuwa ndiyo saratani iliyoongoza kwa watoto waliochunguzwa Kampala.

Kuutofautisha na uvimbe usio saratani

Umuhimu wa ugunduzi huo unaeleweka zaidi ukitazamwa kutoka kwenye chumba cha daktari anayempokea mtoto mwenye shavu lililovimba. Sababu za kawaida ni jipu la jino na maambukizi ya mfupa. Pia kuna vimbe za mifupa ya taya ambazo si saratani: mifuko ya maji inayozunguka jino ambalo halijaota, uvimbe wa tishu za jino, na hali ambayo sehemu ya mfupa hujengwa na nyuzi badala ya mfupa kamili. Baadhi ya hizo huhitaji upasuaji mdogo, nyingine huhitaji kufuatiliwa tu mtoto anapokua. Ukiita saratani kitu kisicho saratani, mtoto anaweza kukatwa taya bila sababu. Ukiita jipu kitu ambacho ni limfoma, mtoto anang'olewa meno na kupewa dawa za kuua bakteria huku siku zikipita.

Tofauti ya kwanza ni kasi. Vimbe zisizo saratani hukua kwa miezi au miaka. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu; idadi ya seli zake inaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili, na mzazi huona uso wa mtoto ukibadilika kutoka wiki moja hadi nyingine.

Tofauti ya pili huonekana kwenye picha ya eksirei. Uvimbe usio saratani mara nyingi una mpaka unaoonekana wazi, wakati mwingine ukiwa na ukingo mweupe wa mfupa ulioimarika, kwa sababu mfupa umepata muda wa kujijenga kuuzunguka. Katika limfoma ya Burkitt mpaka haueleweki. Dalili ya mapema ni kupotea kwa mstari mwembamba mweupe ambao kwa kawaida huzunguka mzizi wa kila jino. Baadaye huonekana madoa meusi madogo yanayoungana, na meno husukumwa kutoka mahali pake hadi yanaonekana kama yanaelea. Mabadiliko hayo yanaweza kuwapo upande wa taya ambao kwa nje bado haujavimba, ndiyo maana ni muhimu kupiga picha pande zote.

Tofauti ya tatu ni mwili mzima. Mtoto mwenye uvimbe wa taya anapaswa kupimwa tumbo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ya uso. Jibu la mwisho hutokana na kipande cha uvimbe kinachotazamwa kwa darubini, kwa sababu eksirei peke yake haithibitishi saratani.

Safari ndefu ya mwaka 1961

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unapatikana wapi. Alianza kwa ruzuku ya pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiwaomba madaktari wajibu kama wamewahi kuona kitu kama hicho. Kila jibu la ndiyo aliliwekea alama kwenye ramani iliyokuwa ukutani kwake. Alama hizo zilifanya mkanda mpana uliokata Afrika katikati, wenye mkia ulioshuka upande wa mashariki.

Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari lililotumika la aina ya Ford ili auone mpaka wa kusini wa mkanda huo kwa macho yake. Alifuatana na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson. Williams alikuwa fundi mzuri wa magari, jambo lililosaidia sana katika barabara za wakati ule. Walipita Tanganyika, iliyokuwa katika miezi ya mwisho kabla ya uhuru wake, na kushuka hadi Afrika Kusini. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri takriban maili 10,000 (kilomita 16,000) na kutembelea hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali walionyesha picha na kuuliza swali lilelile.

Mwanzoni ilionekana kwamba kinachoamua ni mwinuko wa nchi. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana sana juu ya mita 1,500 hivi, na nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi hazikuwa nao. Lakini kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka ulivyoshuka chini. Alexander Haddow, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliitazama ramani na kusema kwamba kilichokuwa kikipimwa hasa ni joto. Ugonjwa ulipatikana mahali ambapo wastani wa joto haushuki chini ya nyuzi 16 za Selsiasi hivi, na mvua ya mwaka inazidi milimita 500 hivi.

Kanuni hiyo ya mvua inaeleweka kwa kutazama uwanda wa kati wa Tanzania. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na kwa mwinuko peke yake isingekuwa nje ya mkanda. Lakini mvua yake ni ya msimu mmoja na kwa mwaka huzidi kidogo tu kiwango hicho. Maeneo kama hayo yako pembezoni mwa mkanda, tofauti na kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani, ambako joto na unyevu hudumu muda mrefu zaidi.

Joto na mvua ni mambo ambayo mbu pia huyahitaji. Burkitt alifikiri kwanza kwamba mbu hueneza virusi vinavyoleta saratani hiyo. Baadaye, akifuata wazo la mtafiti Mmarekani Gilbert Dalldorf, alikubali kwamba malaria yenyewe ndiyo iliyohusika. Jambo lililounga mkono wazo hilo ni kwamba Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa sana kwa kampeni za wakati huo, ugonjwa ulikuwa nadra ingawa hali ya hewa iliufaa.

Virusi vya Epstein-Barr

Tarehe 22 Machi 1961, miezi kadhaa kabla ya safari ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika shule ya tiba ya Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtaalamu wa darubini ya elektroni. Epstein alihisi kwamba saratani inayofuata hali ya hewa huenda inasababishwa na virusi, na wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe London kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili hakuna kilichoonekana. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu. Kilipofika kwa kuchelewa, maji yaliyokizunguka yalikuwa na seli hai zinazoelea. Kutokana na seli hizo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walifaulu kuziotesha maabara, na mwaka 1964 walitangaza kuona virusi vipya ndani yake. Virusi hivyo, vinavyoitwa virusi vya Epstein-Barr, vilikuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Baadaye ilijulikana kwamba watu wengi sana duniani wana virusi hivyo bila kuugua saratani. Watoto wa Afrika ya tropiki huvipata mapema, na malaria ya mara kwa mara hudhoofisha uwezo wa mwili kuvidhibiti na kuchochea seli za kinga kugawanyika. Katika mojawapo ya migawanyiko hiyo vipande vya kromosomu hubadilishana mahali, na seli huanza kukua bila kikomo.

Utafiti huo uliendelea Afrika ya Mashariki baada ya Burkitt kuondoka. Katika wilaya ya West Nile nchini Uganda damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa ili ilinganishwe na ya wale waliougua baadaye. Kaskazini mwa mkoa wa Mara, Tanzania, watoto chini ya miaka 10 walipewa klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza saratani. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kutolewa, hivyo jaribio halikutoa jibu la mwisho.

Matibabu

Wakati Burkitt alipoanza, upasuaji ulikuwa wa kuharibu uso na haukuokoa maisha, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa tayari umeenea mwilini. Uganda haikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kwa hiyo alijaribu dawa za saratani zilizokuwa zikianza kutumika Marekani, akisaidiwa na Joseph Burchenal wa New York. Peter Clifford alifanya vivyo hivyo Nairobi.

Matokeo yalishangaza wengi. Uvimbe uliweza kuyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa, wengine baada ya dozi chache tu. Katika miaka ambayo madaktari wengi waliamini kwamba dawa haziwezi kuponya saratani, watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba zinaweza. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler. Kutoka hapo ilikua Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo baadaye iliongozwa na Mganda Charles Olweny.

Hadi leo limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani zinazoonekana sana kwa watoto wa ukanda wa malaria. Inapotambuliwa mapema na dawa kukamilishwa, watoto wengi hupona. Katika nchi za Afrika wanaopona ni wachache kuliko katika nchi tajiri, hasa kwa sababu ya kuchelewa kufika hospitali, kukosewa kwa utambuzi mwanzoni, na familia kushindwa kukamilisha matibabu.

Nyuzinyuzi katika chakula

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufanya kazi London katika baraza la utafiti wa tiba. Mwaka 1967 alikutana na Peter Cleave, aliyeamini kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri hutokana na sukari na unga uliokobolewa. Burkitt alikumbuka kwamba katika miaka yake 20 Uganda aliona mara chache tu saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo au choo kigumu cha kudumu miongoni mwa watu wa vijijini. Alitumia tena njia yake ya zamani: kila mwezi alituma maswali kwa hospitali za misheni na kukusanya majibu.

Alifikia maoni kwamba nyuzinyuzi za nafaka nzima, kunde na mboga huufanya mwili utoe choo mapema na kwa wingi, na hivyo kuulinda utumbo. Kwa msomaji wa Tanzania tofauti hiyo ni ile ya dona na sembe, au ya ugali wa uwele na mtama wa Ugogo na mkate mweupe wa mjini. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilisomwa katika nchi nyingi. Baadhi ya madai yake hayakuthibitishwa, na wakosoaji walisema kwamba alilipa jambo moja uzito mno. Hata hivyo tafiti za baadaye zimeunga mkono kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kinapunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana na magonjwa ya moyo.

Tuzo na kifo

Mwaka 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, na mwaka huohuo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Lasker ya Marekani kwa tiba ya saratani kwa dawa. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Gairdner ya Kanada. Alibaki Mkristo mwenye msimamo, na mara nyingi alisema hadharani kwamba kazi yake ilitegemea watu wengi wa hospitali ndogo waliojibu barua zake.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, Uingereza, baada ya kupata kiharusi, akiwa na umri wa miaka 82. Jina lake linaendelea kutajwa kila siku katika wodi za watoto kuanzia Kampala hadi Mwanza na Dar es Salaam, pale daktari anaposhika picha ya eksirei ya taya na kutafuta mstari mweupe unaozunguka mizizi ya meno.